Nani alibofya "Ndiyo"? Windows na wenzake wanajua nini juu yako

Jamaa mmoja kanitumia imeili fupi tu: "Kaka, hivi ni kweli Windows inatupeleleza, au ni maneno ya watu?" Swali hili nimelisikia mara nyingi, kafe na hata kwenye daladala, na majibu yake huwa mawili. Wapo wanaosema kila herufi unayoandika inasomwa Marekani. Wapo wanaosema "mimi sina cha kuficha bwana." Wote wanakosea, kila mmoja kwa namna yake. Leo nimeamua kuandika kwa kirefu ili nikiulizwa tena niwe naelekeza watu hapa. Vuta kiti.

Kwanza tuelewane mfumo endeshi ni kitu gani. Ni ile programu mama inayoamka ukiwasha kompyuta: Windows, Linux, macOS, na kwenye simu ni Android na iOS. Programu nyingine zote zinapita kwake. Ukibonyeza herufi, mfumo endeshi unaipokea kwanza kabla ya kuikabidhi kwa Word au kwa brauza. Ukichomeka flashi, mfumo endeshi ndio unaoifungua. Ukiprinti, karatasi inapitia mikononi mwake. Kwa hiyo ukifuta historia ya brauza, au ukifungua lile dirisha la siri la Chrome, umejificha kwa mtu atakayekaa kwenye kiti baada yako, basi. Kwa mfumo endeshi wenyewe hujajificha hata kidogo.

Ndiyo maana jambo hili ni tofauti na habari za tovuti. Tovuti ikikuudhi unaihama. Programu ikikuchosha unaifuta. Mfumo endeshi hasa wa kompyuta ya kafe huuchagui na huuhami. Uliukuta umeshawekwa, na siku ulipowekwa kuna mtu alikaa mbele ya kioo akaulizwa maswali kadhaa kuhusu taarifa zitakazotumwa kwa kampuni, akabofya "Ndiyo, ndiyo, endelea" ili amalize haraka. Mtu huyo siyo wewe. Taarifa ni zako. Nitairudia hoja hii mbele, maana kwangu mimi kiini cha mjadala wote kipo hapo.

Namba iliyojificha ndani ya Word

Turudi mwaka 1999. Wengi wenu mlikuwa bado chekechea, au hamjazaliwa kabisa. Windows iliyokuwa inatamba ni Windows 98. Mtaalamu mmoja wa Massachusetts, Richard Smith, mkuu wa kampuni ndogo ya programu iliyoitwa Phar Lap, aliamua kuangalia kwa makini ni kitu gani hasa kinachotoka kwenye kompyuta pale unapoisajili Windows kwa Microsoft. Akakuta namba. Namba ya pekee, yaani kompyuta yako ina yake na yangu ina yangu. Ilikuwa inatumwa hata kama mtumiaji alikataa habari za vifaa vya kompyuta yake zisiende.

Hilo peke yake lingetosha kuleta kelele, lakini kulikuwa na la pili. Namba ya aina hiyo hiyo ilikuwa inapigwa kimya kimya ndani ya mafaili ya Word na Excel. Kwenye kompyuta yenye kadi ya mtandao, namba ya kadi ile ilikuwa imo ndani yake. Hebu unganisha mambo haya mawili. Unaandika barua isiyo na jina, labda ya kueleza wizi unaofanyika ofisini kwenu, unaipeleka gazetini kwenye disketi. Barua haina jina lako, ila ndani ya faili kuna namba ya mashine yako, na mahali fulani kuna orodha ya usajili yenye namba pamoja na jina na anwani. Mwenye vitu vyote viwili mkononi anakujua.

Machi 1999 Microsoft ilikiri. Ilisema kutuma namba baada ya mtu kukataa ni kosa la kiufundi, ikaahidi kulirekebisha na kufuta namba zilizokusanywa kwa njia hiyo. Mwaka huo huo Intel nao walitoa prosesa ya Pentium III yenye namba ya pekee ambayo programu ingeweza kuisoma. Watetezi wa faragha wakaja juu, wakaitisha mgomo wa kutonunua, na vizazi vilivyofuata vya prosesa za Intel havikuwa na namba ile. Nawakumbusha hayo kwa sababu watu wengi hudhani kelele hazisaidii. Mara zote mbili zilisaidia.

Tuma, usitume

Windows XP ilipoingia sokoni Oktoba 2001, ilikuja na kile kiboksi ambacho kila mtu wa kafe wa enzi hizo anakikumbuka. Programu inaganda, inakufa, kisha kinatokea kiboksi chenye vitufe viwili: "Send Error Report" na "Don't Send". Wengi tulikuwa tunabofya cha pili bila kusoma, kwa sababu muda ulikuwa unakatika na hela inaisha.

Hapa lazima nitende haki. Ripoti zile zilikuwa na kazi ya kweli. Mwaka 2002 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, aliwaandikia wateja kwamba kutokana na ripoti hizo waligundua kuwa kama asilimia 20 ya kasoro ndizo zinazoleta asilimia 80 ya matatizo, na asilimia moja tu ya kasoro inaleta nusu ya matatizo yote. Ukijua hivyo unajua pa kuanzia kutengeneza. Mhandisi aliyeko kule Redmond hawezi kuja kukaa kafe ya Mwenge aone kwa nini printa imegoma. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kila taarifa inayotoka kwenye kompyuta ni upelelezi, mwambie apunguze chumvi.

Lakini taarifa ikishatoka nje haichagui nani aisome. Desemba 2013 gazeti la Ujerumani, Der Spiegel, lilitoa habari kutoka kwenye nyaraka za siri kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa likizinasa ripoti hizi hizi za Windows zikiwa njiani. Unajiuliza za nini? Ripoti ya kuharibika kwa programu inaeleza mashine ni ya aina gani, ina programu zipi, na ipi ina udhaifu wapi. Kwa fundi ni karatasi ya hospitali. Kwa mwizi ni ramani ya nyumba inayoonyesha dirisha lisilofungika. Kilichokusanywa kwa nia njema kikatumika kwa nia nyingine, na aliyebofya "Send" hakuwa na habari.

Katikati hapo kuna kisa cha 2006. Microsoft ilileta programu ya kukagua kama Windows yako ni halali au ya kuburn. Iliingia kwa mgongo wa masasisho ya usalama, kisha ikagundulika kwamba kila siku unapowasha kompyuta inapiga simu nyumbani, yaani inawasiliana na seva za kampuni. Haikuwa imeelezwa hivyo kwa watumiaji. Kelele zikapigwa, kesi ikafunguliwa, na Juni 2006 mtindo wa kupiga simu kila siku ukabadilishwa. Mnaona mfululizo lakini? Kwanza inafanyika, halafu mtu wa nje anagundua, kampuni inaeleza, inapunguza kidogo. Shikeni mtiririko huo, maana utajirudia.

Windows 10: bure yenye maswali

Tarehe 29 Julai 2015 ilitoka Windows 10. Kwa mwaka mzima wenye Windows 7 na 8 halali waliruhusiwa kupanda bure. Neno "bure" kwetu lina nguvu, na watu wakapanda.

Wakati wa kuiweka kulikuwa na ukurasa wenye kitufe kikubwa cha mipangilio ya haraka, na maandishi madogo pembeni kwa anayetaka kuchagua mwenyewe. Ukibofya kile kikubwa umekubali mambo mengi kwa mpigo: kutuma taarifa za jinsi unavyoandika kwenye kibodi, mahali ulipo, namba ya utambulisho kwa ajili ya matangazo, na kile wanachokiita telemetria katika kiwango cha juu kabisa.

Telemetria ni nini? Ni habari ambazo mashine inazituma yenyewe mara kwa mara kuhusu hali yake na matumizi yake: vifaa vilivyomo, programu zipi zimewekwa, zipi zinafunguliwa na kwa muda gani, wapi zimekwama. Kwenye kiwango cha juu, Microsoft yenyewe iliandika kwamba kumbukumbu inayotumwa wakati wa hitilafu inaweza kubeba, bila kukusudia, sehemu ya faili ulilokuwa umelifungua. Wala siyo siri, imo kwenye maelezo yao. Ila nani anasoma maelezo yenye kurasa chungu nzima wakati anaulizwa tu abofye?

Jambo lililowaudhi wataalamu zaidi ni kwamba kwenye Windows 10 Home na Pro, zile zinazouzwa kwa watu wa kawaida, hakuna kitufe cha kuzima kabisa. Unaweza kushusha kiwango tu. Kuzima kunaruhusiwa kwa matoleo ya makampuni makubwa na mashule. Yaani mwenye uwezo wa kuajiri wanasheria amepewa swichi, na wewe umepewa maelezo.

Julai 2016 mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, iliitangazia Microsoft hadharani kwamba ina miezi mitatu kujirekebisha. Ilisema kampuni inakusanya kupita kiasi, ikitoa mfano wa habari za programu zote ambazo mtu amepakua na muda anaotumia kwenye kila moja. Ikasema pia namba ya matangazo inawashwa yenyewe bila mtu kuulizwa. Toleo la Windows 10 la Aprili 2017 likaja na mabadiliko: viwango vikabaki viwili, maswali yakawa wazi zaidi, na kwa mara ya kwanza kampuni ikachapisha orodha ya taarifa zinazokusanywa katika kiwango cha chini. Juni 2017 CNIL ikafunga faili, ikieleza kwamba taarifa za kiwango hicho zimepungua karibu nusu.

Karibu nusu! Hiyo ina maana karibu nusu ya zile za mwanzo hazikuwa za lazima, na mashine zilifanya kazi vile vile bila kuzituma. Mimi sentensi hiyo moja imenifundisha zaidi ya makala zote nilizosoma.

Waholanzi hawakuridhika. Oktoba 2017 mamlaka yao ilisema Windows 10 Home na Pro zinavunja sheria ya faragha ya nchi ile, kwa sababu mtumiaji haelezwi vizuri nini kinachukuliwa na kwa kazi gani, na kwamba mtu kutobadilisha mipangilio aliyoikuta hakuwezi kuhesabiwa kuwa amekubali. Rudia kusoma hapo. Kunyamaza siyo kukubali. Mwaka 2018 Microsoft ikaongeza programu inayokuwezesha kuona mwenyewe taarifa zinazotumwa, na kitufe cha kuzifuta. Nawapa pongezi kwa hilo, ingawa ilichukua miaka mitatu.

Kabla sijatoka hapo, kuna kisa cha Afrika. Mwaka 2016 watu wa mradi wa kulinda wanyama wa Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, walilalamika kwamba kompyuta yao ilianza yenyewe kupakua Windows 10 wakiwa porini, kwenye intaneti ya setilaiti inayolipiwa kwa kila MB, huku wakihitaji laini hiyo kuwasiliana na askari wanaofukuzana na majangili wenye silaha. Siyo kisa cha kukusanya taarifa, ila mzizi ni ule ule: mtu kakaa mbali akaamua kwa niaba yako, na bili ikaja kwako. Sisi tunaonunua bando tunaelewa.

Kioo kinachopigwa picha

Tarehe 20 Mei 2024 Microsoft ilitangaza kitu kipya kwa kompyuta za aina mpya zinazoitwa Copilot+: Recall. Kila baada ya sekunde chache mashine inapiga picha ya kioo chako na kuihifadhi, ili baadaye uweze kutafuta chochote ulichowahi kukiona. "Kile kiatu nilichokiona juzi kiko tovuti gani?" Unaandika, inakuonyesha.

Picha hazitumwi kwa kampuni, zinabaki ndani ya mashine. Hilo ni kweli na watu wengi walilikosea. Lakini watafiti wa usalama walipoipata kuichungulia, waligundua kwamba maandishi yanayosomwa kutoka kwenye picha hizo yamewekwa kwenye faili ambalo programu yoyote inayoendeshwa na mtumiaji yule inaweza kulisoma, virusi wakiwemo. Miezi yote ya maisha yako, ikiwemo meseji uliyoifuta na salio la benki, katika faili moja la kuchomoa na flashi. Ndani ya wiki chache kampuni ikasema haitawaka yenyewe, mtu aulizwe kwanza, na picha zifungwe kwa usimbaji. Kisha tarehe 13 Juni ikaiahirisha. Ilianza kusambazwa rasmi Aprili 2025 ikiwa na mabadiliko hayo. Mtiririko ni ule ule niliowaambia mshike.

Kompyuta za kafe zetu haziwezi kuendesha Recall, ni kuukuu mno. Kwa mara moja uzee wa mashine umetusaidia.

Na wengine je?

Washabiki wa Linux najua mnacheka. Ngojeni.

Ubuntu mnaifahamu, ile Linux ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 na jina lake ni utu, neno tusilohitaji kutafsiriwa. Walikuwa wanakutumia CD mpaka mlangoni, bila hata senti ya posta. Basi Ubuntu hiyo hiyo, toleo la Oktoba 2012, ilikuja na jambo la ajabu. Ukitafuta faili ndani ya kompyuta yako mwenyewe, maneno uliyoandika yalikuwa yanapelekwa kwenye seva za kampuni yake, Canonical, ili uletewe na bidhaa za Amazon. Unatafuta barua ya maombi ya kazi, unaletewa vitabu vya kununua. Richard Stallman, mzee mwenyewe wa programu huria, aliiita programu ya ujasusi na kuwataka watu wasiipendekeze. Kitu kile kikaja kuzimwa, kiwe cha kuwashwa na anayetaka, katika toleo la 16.04 la Aprili 2016.

Kwa hiyo kuwa huria peke yake siyo kinga. Tofauti ipo sehemu moja: kwa kuwa msimbo uko wazi, hakuna aliyehitaji kuvizia nyaya za mtandao ili kujua. Na zipo Linux nyingi, hii ikikuudhi unahamia ile. Jamaa wengi walihama.

Apple nao huuza faragha kama nembo yao. Novemba 2020, siku ilipotoka macOS Big Sur, seva moja ya Apple ilielemewa, na duniani kote Mac zikaanza kuvuta miguu. Watu wakachunguza, kumbe ukifungua programu, Mac inauliza Apple kama cheti cha mtengenezaji wake bado ni halali, na swali hilo lilikuwa linasafiri bila kusimbwa. Lengo ni kuzuia programu mbaya, na lengo ni zuri. Ila mtu aliyekaa kwenye mtandao wenu aliweza kukisia unafungua programu za nani na saa ngapi. Apple wakaahidi kusimba na kuacha kuhifadhi anwani za mtandao za watumiaji.

Simu nitazipita haraka maana zinataka makala yake. Machi 2021 Profesa Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, alipima akakuta Android na iPhone zote hutuma habari kwa wenyewe kwa wastani wa kila dakika 4 na nusu, hata simu ikiwa imelala mezani. Na mwaka 2017 ilifichuka kwamba simu za Android zilikuwa zikituma kwa Google namba za minara ya simu iliyo karibu hata kama umezima huduma ya mahali. Google ikasema itaacha.

Sasa turudi kwenye kiti cha kafe

Kijana wa kafe leo haendi kuchati tu. Anaenda kuomba mkopo wa chuo, kuomba kazi, kujaza fomu za serikali. Amebeba namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, wakati mwingine na taarifa za wazazi. Nimewahi kukaa kwenye mashine ya kafe moja nikakuta kwenye Desktop vyeti vya watu zaidi ya kumi, vimeskaniwa vizuri kabisa, kila kimoja na jina la mwenyewe. Hakuna aliyeviiba. Waliviacha tu.

Zamani faili la Desktop lilikaa kwenye mashine ile ile. Sasa hivi siyo lazima. Windows za karibuni zinataka uingie kwa akaunti ya Microsoft, na ukishaingia zinaweza kunakili Desktop, Documents na Pictures kwenda OneDrive. Tangu 2024 watu wameripoti kwamba Windows 11 mpya huwasha hilo yenyewe wakati wa kuiweka. Ikiwa mwenye kafe ameingiza akaunti yake, cheti chako ulichokiacha Desktop kimeshapanda kwenye akaunti yake, na ukikifuta kesho kinakaa kwenye kapu la taka la OneDrive kwa muda. Mwenyewe huenda hata hajui. Angalia chini kulia karibu na saa. Ukiona alama ya kiwingu, faili lako lifungue na kulihifadhi kwenye flashi, usiliweke Desktop.

La pili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V. Kama mtu aliwasha historia ya kunakili, utaona vitu mpaka 25 vilivyokopiwa hapo, vya watu wengine wakiwemo, mpaka mashine iwashwe upya. Namba za siri ambazo watu wanakopi na kupesti zimo. Ukikuta imewashwa, futa vyako, na mwambie muhudumu.

Ukitaka kujua kafe yenu imekubali nini kwa niaba yenu, ingia "Settings", halafu "Privacy", halafu "Diagnostics & feedback". Kwenye Windows 11 jina ni "Privacy & security". Hapo utaona kama taarifa za ziada zinatumwa au zile za lazima tu. Kama huna ruhusa ya kubadilisha, muombe mwenye kafe kwa adabu. Haimgharimu kitu, na anaokoa bando lake.

Kafe nyingi zina ile programu inayorudisha mashine ilivyokuwa kila ikiwashwa upya. Ni nzuri sana, inafagia mafaili na virusi. Ila inafagia ndani tu. Kilichokwishatumwa nje hakirudi. Na usisahau kwamba mashine lazima iwashwe upya ndipo ifagie, kwa hiyo iwashe upya wewe mwenyewe kabla hujainuka, usimwachie anayekuja.

Kuhusu Windows za kuchakachua, maana najua mtaniuliza. Wapo wanaoamini kwamba Windows ya kuburn inawaficha. Kinyume chake. Telemetria inabaki ile ile, na juu yake kuna mtu usiyemjua aliyeifungua, akabadilisha kitu ndani, akaifunga. Microsoft unaweza kuipeleka kwa mamlaka ya faragha. Huyu utampeleka wapi?

Na msizime masasisho kwa hasira. Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za kafe haziwezi kupanda Windows 11. Mashine isiyozibwa matundu ni hatari kuliko telemetria yote niliyoitaja hapo juu. Kwa mwenye kafe anayesoma hapa: Linux kama Mint inakwenda vizuri kwenye mashine hizo kuukuu, brauza ni zile zile, na fomu za serikali zinafunguka.

Kuhusu sheria, tunazo. Kenya ilipitisha ya kulinda data mwaka 2019, Uganda mwaka huo huo, Rwanda 2021. Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ni ya 2022 na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikiwa na Tume yake ambako wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili. Watu wakiisoma wanafikiria benki na makampuni ya simu. Kafe inayoskani vitambulisho mia kwa siku na kuviacha kwenye Desktop nayo inashika taarifa za watu.

Nitawaomba kitu kimoja. Leo ukiwa kafe angalia ule ukurasa wa "Diagnostics & feedback", kisha niandikie hapo chini umekuta nini. Jina la kafe usiliweke, mji tu unatosha. Nikipata majibu ya kutosha nitayapanga niyatoe wiki ijayo, pamoja na ile makala ya simu.